Thom Gicquel, nusu ya jozi: maswali mnayouliza kila mara

Thom Gicquel ni nani?

Ni Mfaransa wa Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, aliyezaliwa Januari 12, 1999. Anacheza badminton, au mpira wa vinyoya kama watangazaji wetu wanavyouita, na riziki yake iko kwenye wawili wawili mseto: mwanamume na mwanamke upande huu wa wavu, mwanamume na mwanamke upande ule. Ukimtafuta kwenye ratiba ya mchezaji mmoja mmoja utamkosa, ndiyo maana wengi walichelewa kumjua.

Mbona mkiulizwa habari za Gicquel mnajibu habari za wawili?

Kwa sababu hakuna namna nyingine. Mwenzake ni Delphine Delrue, aliyezaliwa Novemba 6, 1998, na wamekuwa pamoja tangu ujana wao. Kwenye orodha ya ubora wa dunia hawana namba mbili, wana namba moja. Delrue akiumia kifundo cha mguu, Gicquel naye anakaa benchi hata kama yeye ni mzima kama kigongo. Pointi za orodha ni za jozi: ukibadilisha mwenzako leo, kesho unaanza upya huko chini na mtu mpya, hata kama jana ulikuwa katika kumi bora.

Kwa hiyo "Gicquel alishinda" ni maneno ya nusu. Sisi huandika majina yote mawili, na mkituona tumesahau mtukumbushe.

Majina yao yanatamkwaje?

Gicquel ni "Zhikel", herufi ya kwanza laini kama upepo kwenye tundu la mlango, na mwishoni usiongeze irabu hata kama ulimi wako wa Kiswahili unaitaka. Delrue ni karibu na "Delryu" iliyobanwa midomo. Watangazaji wa Jakarta wana matamshi yao, wa Birmingham wana yao, na wachezaji wenyewe hawajaonekana kukasirika.

Alianzaje kujulikana?

Mwaka 2017, kwenye mashindano ya vijana ya Ulaya mjini Mulhouse, mashariki mwa Ufaransa. Pale nyumbani Gicquel alichukua dhahabu ya wawili wawili ya wavulana akiwa na Toma Junior Popov, na Ufaransa ikachukua dhahabu ya timu. Popov, mzaliwa wa Sofia aliyekulia kusini mwa Ufaransa, akachukua na dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja, akaondoka na tatu shingoni.

Hapo njia zikaachana, na nadhani ndipo hadithi ya Gicquel inapoanza hasa. Popov alibaki kwenye singo, yaani mchezaji mmoja mmoja, akacheza pia wawili wawili na mdogo wake Christo. Gicquel alijaribu wawili wawili ya wanaume kwa muda, akiwa na mkongwe Ronan Labar, huku Delrue akicheza ya wanawake na Léa Palermo. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, wote wawili walizidi kumimina nguvu zao kwenye mseto. Mtu mwenye dhahabu ya Ulaya ya wavulana kuchagua mchezo ambao wengi waliuona kama wa pembeni si jambo dogo. Kwa miaka mingi nchi nyingi za Ulaya ziliuchukulia mseto kama chakula cha jioni baada ya kazi: ukimaliza mechi yako ya maana, unacheza na dada yeyote aliyebaki. Uchina, Korea na Indonesia hazikuuona hivyo hata siku moja, na medali ndizo zinazosema.

Medali zinasemaje?

Mseto uliingia Olimpiki mwaka 1996 Atlanta. Tangu siku hiyo hadi Paris 2024, dhahabu zote nane zimekwenda Asia: Korea Kusini mara mbili, Uchina mara tano, Indonesia mara moja. Ulaya imeambulia fedha moja, ya Waingereza Nathan Robertson na Gail Emms huko Athens 2004, na shaba kadhaa. Ufaransa haijawahi kupata medali yoyote ya badminton kwenye Olimpiki, si ya mseto tu, ya aina yoyote. Ukijua hilo, utaelewa kwa nini Wafaransa wanapiga kelele namna ile jukwaani.

Taji lao la kwanza kubwa ni lipi?

Swiss Open, Basel, Machi 2021. Ni shindano la ngazi ya Super 300, na lilichezwa wakati dunia bado imefungwa milango kwa sababu ya korona, viti vitupu, kila pigo likirudisha mwangwi. Miezi michache baadaye walikuwa Tokyo kwenye Olimpiki yao ya kwanza, wakatolewa kwenye makundi. Hawakufika robo fainali.

Hizo Super 300, 750 na 1000 ni nini?

Ni madaraja ya mashindano ya Msururu wa Dunia, ulioanza mwaka 2018 chini ya Shirikisho la Badminton Duniani. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo pointi na fedha zinavyopanda, na ndivyo wakubwa wanavyolazimika kuhudhuria. Chini kuna Super 100 na 300, ambako vijana hujitafutia nafasi. Katikati kuna 500. Juu kuna 750, kama French Open, na kileleni kuna Super 1000, ambazo tangu 2023 ni nne kwa mwaka: Malaysia, All England, Indonesia na Uchina. Msimu hufungwa kwa Fainali za Msururu, jozi nane tu.

Nini kilitokea Paris 2024? Wengine wanasema walionewa.

Hawakuonewa. Lakini kisa chenyewe kinauma kuliko kuonewa, kwa hiyo tukae nacho kidogo.

Mechi zilichezwa Porte de la Chapelle, kaskazini mwa Paris, kwenye ukumbi mpya uliojengwa kwa ajili ya michezo hiyo. Mseto ulikuwa na jozi 16 katika makundi manne, wawili wa juu wa kila kundi wanakwenda robo fainali. Kura iliwatupa Gicquel na Delrue kundi moja na Zheng Siwei na Huang Yaqiong wa Uchina, namba moja wa dunia. Wengine walikuwa Kim Won-ho na Jeong Na-eun wa Korea Kusini, na Rinov Rivaldy na Pitha Mentari wa Indonesia.

Wachina walishinda mechi zote tatu, kama ilivyotarajiwa. Kilichobaki kikawa mduara: Waindonesia waliwafunga Wakorea, Wakorea wakawafunga Wafaransa, Wafaransa wakawafunga Waindonesia. Jozi tatu, kila moja imeshinda mechi moja na kupoteza mbili. Nafasi iliyobaki ni moja. Hapo kalamu ikachukua nafasi ya raketi: hesabu ya seti na pointi, nani kapata ngapi na kapoteza ngapi. Hesabu ikawapa Wakorea.

Na Wakorea wale, waliopita kwa tundu la sindano, waliendelea hadi fainali. Katika nusu fainali dhidi ya Wakorea wenzao, Kim alichoka hadi akatapika uwanjani, mwamuzi akasubiri, sakafu ikasafishwa, wakaendelea na wakashinda. Wakamaliza na medali ya fedha. Sasa jiweke kwenye viatu vya Gicquel: umekaa nyumbani, mji wako mwenyewe umejaa bendera, na unamwangalia mtu uliyelingana naye kwa ushindi akipanda jukwaani.

Fainali yenyewe haikuwa na mjadala. Zheng na Huang walishinda 21-8, 21-11, kisha Huang akachumbiwa pale pale ukumbini na mchezaji mwenzake wa Uchina, picha ikazunguka dunia. Wengi mnaikumbuka hiyo kuliko mechi.

Walirudije baada ya pale?

Zheng Siwei alijiondoa kwenye mashindano ya kimataifa mwishoni mwa 2024, na Huang naye akapunguza. Jozi iliyokuwa imefunga mlango kwa miaka ikaondoka. Wapo wanaosema Wafaransa walipata bahati. Mimi nasema mlango uliachwa wazi kwa jozi kumi, si kwa moja.

Juni 2025 walikwenda Jakarta, Istora Senayan, ukumbi ambao mashabiki wake huimba kwa kila pigo na hawamwonei mgeni huruma. Wakachukua Indonesia Open. Super 1000. Hakuna Mfaransa aliyewahi kushinda taji la ngazi hiyo kabla yao, wa aina yoyote ya mchezo, mwanamume wala mwanamke.

Kisha Agosti 2025 Mashindano ya Dunia yakaja Paris. Yalichezwa wapi? Adidas Arena, Porte de la Chapelle. Ukumbi ule ule. Wakati wa Olimpiki uliitwa jina jingine kwa sababu Olimpiki haziruhusu majina ya makampuni, lakini ni mlango ule ule, ngazi zile zile, na nina hakika ni harufu ile ile ya dawa ya misuli kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. Mwaka mmoja na wiki kadhaa baada ya kalamu kuwatoa, waliingia tena na safari hii wakafika nusu fainali, ambayo kwenye Mashindano ya Dunia ina maana ya shaba, maana mechi ya kutafuta mshindi wa tatu haipo. Ufaransa haikuwa na medali ya Mashindano ya Dunia tangu shaba ya Pi Hongyan mwaka 2009, na kwenye mseto haikuwahi kuwa nayo kabisa. Dhahabu ilikwenda kwa Chen Tang Jie na Toh Ee Wei, nao wakaandika historia yao kwa Malaysia.

Mseto unachezwaje? Mimi naona watu wanakimbizana tu.

Angalia mwanzo wa pointi moja, taratibu. Zamu ya Gicquel kuanzisha. Delrue hasimami pembeni yake wala nyuma yake. Yuko mbele, karibu na wavu, raketi juu, ameinama kidogo ili kinyoya kipite. Gicquel yuko hatua moja nyuma kuliko alivyozoea mchezaji wa wanaume. Anashika kinyoya kwa ncha za vidole, kwenye manyoya, si kwenye kizibo. Anakisukuma kwa mgongo wa raketi, pigo fupi kuliko kufuta vumbi mezani. Hakiruhusiwi kuwa juu ya mita 1.15 kutoka sakafuni kinapopigwa, na wavu una urefu wa mita 1.55 kwenye nguzo, kwa hiyo lazima kipande kidogo kisha kianze kushuka mara tu kinapovuka. Kikipanda vidole viwili zaidi, anayepokea anakiua.

Anayepokea akikisukuma wavuni, ni wa Delrue. Akikipeleka nyuma, ni wa Gicquel. Mpaka kati yao haujachorwa sakafuni, na wapinzani wanatafuta mpaka huo huo: lile eneo la katikati ya uwanja, kando kidogo, ambapo wa mbele anadhani ni la wa nyuma na wa nyuma anadhani ni la wa mbele. Jozi mpya hupoteza pointi tano sita kwa seti hapo tu. Jozi ya miaka mingi haitazamani hata kidogo.

Kwa hiyo mwanamke anakaa mbele na mwanamume anapiga smashi, lile pigo kali la kushuka. Si kumdharau huko?

Hivyo ndivyo vitabu vya zamani vilivyofundisha, na vilabu vingi bado vinacheza hivyo: "dada simama hapo, kaka ana kazi nyuma." Kwa kiwango cha dunia hiyo imekufa. Mkakati wa kwanza wa kila mpinzani ni kumlazimisha mwanamke arudi nyuma, kisha kummiminia. Akiwa hajui kupiga kutoka nyuma, jozi imekwisha. Huang Yaqiong alibadilisha macho ya watu wengi kwa sababu kule mbele hakuwa anasubiri, alikuwa anaamua pointi.

Delrue aliwahi kulelewa na wawili wawili ya wanawake, ambako mizunguko ni mirefu na unalazimika kushambulia kutoka mstari wa nyuma mara ishirini kabla kinyoya hakijafa. Ukimsukuma nyuma hatishiki. Na Gicquel naye si wa smashi tupu, ana mikono laini wavuni, kwa hiyo wakibadilishana nafasi hujui nani kapungua. Kwa maoni yangu huo ndio utajiri wao.

Je, wao ni wapenzi?

Hakuna jozi ya mseto ambayo haijaulizwa. Wapo waliooana kweli, kama Chris na Gabby Adcock wa Uingereza, waliocheza wakiwa mume na mke. Wa hawa Wafaransa, tunawafuata uwanjani. Wakitoka ukumbini tunawaacha waende zao.

Wanalipwa kiasi gani wakishinda?

Fedha za mashindano hugawanywa kwa asilimia. Mshindi wa mchezaji mmoja mmoja huchukua asilimia 7 ya kapu lote, na jozi mshindi asilimia 7.4, ambayo watu wawili wanagawana. Kapu la Indonesia Open 2025 lilikuwa dola 1,450,000. Piga hesabu: jozi inapata dola 107,300, kila mmoja 53,650 kabla ya kodi, wakati bingwa wa singo siku hiyo hiyo anabeba 101,500 peke yake. Mnaouliza kwa nini vijana wote wanakimbilia singo, jibu mojawapo ni hilo.

Na hiyo ni wiki ya kushinda. Super 300 kapu lake ni dogo mno, na ukitoka raundi ya kwanza unaweza kurudi na fedha zisizofika nauli. Ndiyo maana shirikisho la nyumbani lina uzito. Timu ya taifa ya Ufaransa hufanya mazoezi INSEP, kituo cha michezo cha serikali kilichoko msitu wa Vincennes, Paris, ambako ukumbi, tiba na chakula viko sehemu moja.

Seti zinahesabiwaje? Nimeona 22-20, nimeona pia 30-29.

Seti ni pointi 21, mbili kati ya tatu. Mkifika 20-20 lazima mmoja aongoze kwa pointi mbili, ila mkifika 29-29 pointi inayofuata inamaliza. Anayefika 11 kwanza analeta mapumziko ya sekunde 60. Seti ya tatu mnabadilishana upande mkifika 11. Uwanja wa wawili wawili una upana wa mita 6.10, na wa mmoja mmoja 5.18, urefu ni 13.40 kwa wote.

Mbona wanabadilisha kinyoya kila mara? Ni majivuno?

Kinyoya kina manyoya 16 na uzito wa takriban gramu 5. Nyoya moja likivunjika, hakiruki sawa, kinayumba kama mlevi. Wao hupewa kingine kwa kumwonyesha mwamuzi. Sisi tunaocheza jioni kwenye kumbi za kukodi tunakijua kila kimoja kwa jina, tunakichezea mpaka kibaki kizibo na manyoya manane, na bado kuna mtu atasema "bado kinafaa, usikitupe".

Ufaransa imetokea wapi ghafla? Si Denmark ndiyo ilikuwa Ulaya nzima?

Denmark ingali pale. Kwenye mashindano ya timu mseto ya Ulaya 2023, yaliyofanyika Aire-sur-la-Lys, Ufaransa ilifika fainali nyumbani na Denmark ikaifunga. Lakini haikuwa ghafla. Mfaransa Brice Leverdez alimtoa nyota wa Malaysia Lee Chong Wei raundi ya kwanza ya Mashindano ya Dunia 2017 huko Glasgow, mwaka ule ule wa vijana wa Mulhouse. Kisha wakaja ndugu wa Popov, kisha Alex Lanier, mzaliwa wa 2005, aliyeshinda Japan Open ya 2024 akiwa na miaka 19. Gicquel na Delrue ni tawi moja la mti huo, ila ndio tawi lililozaa medali ya dunia.

Afrika ilikuwa na jozi ya mseto kwenye Olimpiki ya Paris?

Ilikuwa nayo: Koceila na Tanina Mammeri wa Algeria, kaka na dada. Tokyo walikuwepo Adham Hatem Elgamal na Doha Hany wa Misri.

Nitawaona wapi, na saa ngapi?

Chaneli ya BWF TV, ya Shirikisho la Badminton Duniani, kwenye YouTube huonyesha mechi nyingi na marudio, ingawa katika baadhi ya nchi hufungwa pale kituo cha televisheni kinapokuwa na haki. Ratiba hutolewa kwa saa za mji wa shindano, na hapo ndipo wengi mnapokosea. Paris wakati wa kiangazi iko nyuma yetu kwa saa moja tu. Jakarta iko mbele kwa saa nne, kwa hiyo fainali zikianza saa sita mchana kule, kwetu ni saa mbili asubuhi. Mechi za fainali ni tano na mpangilio hubadilika kila shindano. Siku nyingine mseto hufungua dimba, na ukichelewa kuwasha simu kwa sababu ya chai utakuta wameshakabidhiwa kombe.